Marehemu Ishirini na Saba

Mzee Mbaruku wa Naipingo alifika ofisini kwangu Jumatatu asubuhi kulalamika kwamba amekufa.

Hakuanza na hilo. Ni mtu wa salamu ndefu, kwa hiyo alianza na nimeamkaje, mama yangu kule Chiola anaendeleaje, na ufuta wetu mwaka huu umetupa nini. Niliitikia zote, nikampa kiti. Ndipo akatoa karatasi mfukoni, akaikunjua juu ya meza na kuweka kidole.

"Mwanangu Swaumu, nisomee hapa. Mie miwani sina."

Ilikuwa orodha ya salfa ya chama cha msingi cha Naipingo, imechapwa kutoka kwenye programu yetu wenyewe. Mstari wa kumi na nne: Mbaruku Ismaili Nanjota. Mbele ya jina, kwenye safu ya hali ya mwanachama, kulikuwa na neno moja tu, Marehemu.

"Karani wa ghala kanikatalia," akasema. "Kasema mifuko ya marehemu haitoki mpaka warithi walete barua ya mahakama. Nikamwambia warithi nimewazaa mie, na mie ndo huyu nimesimama. Kasema yeye anafuata orodha. Sasa mikorosho inachipua, mwanangu. Ubwiri haungoji mahakama."

Alikuwa na haki. Salfa isipopulizwa mapema, ubwiri, ule ukungu mweupe kama unga, unashika maua, na mkorosho ulioshikwa maua hauna cha kukupa mwaka huo. Nikamwita Nicholaus, mwandishi wetu wa programu, aje na kompyuta yake.

Niseme kwanza sisi ni nani, maana watu wakisikia kampuni ya programu wanafikiria ghorofa la vioo Dar es Salaam. Palilia ni vyumba viwili nyuma ya duka la vipuri vya baiskeli, Nachingwea mjini. Niliianzisha miaka saba iliyopita, niliporudi kutoka chuo na kukuta makarani wakiandika majina ya wakulima kwenye madaftari yaliyoliwa na mchwa. Tukatengeneza programu ya orodha: nani mwanachama, ana mikorosho mingapi, kachukua salfa mifuko mingapi, kaleta kilo ngapi ghalani. Vyama vya msingi thelathini na viwili vya Nachingwea na Ruangwa, vyote vikiwa chini ya Umoja wa Mbwemkuru, vinaitumia. Hatuna mteja mwingine. Umoja ukituacha, tunafunga mlango.

Tulikuwa watano. Kisha ikaja akili mnemba. Sina chuki nayo, na anayesema nina chuki nayo ananisingizia. Kazi ambayo Nicholaus alikuwa akihangaika nayo mwezi mzima, sasa anaiagiza mashine na chai yake haijapoa imemaliza. Vijana wawili waliokuwa wakimsaidia niliwaaga mwaka jana. Mmoja anauza simu Masasi, mwingine sina habari zake, na jambo hilo bado linaniuma. Nilichochelewa kukiona ni hiki: kama sisi watatu tunaweza kufanya kazi ya watano, basi mtu aliye mbali kabisa, asiyemjua mkulima hata mmoja, anaweza naye kuifanya kazi yetu.

Mtu huyo alikuja mwezi wa tatu. Kampuni inaitwa Upeo, ya Dar. Walimwonyesha mwenyekiti wa Umoja, Bwana Ildefonsi, simu inayopokelewa na mashine. Mkulima anapiga, mashine inamsalimu kwa sauti tamu, inamuuliza, inaandika. Haichoki, haina mtoto mwenye homa. Mwenyekiti akanipigia siku ileile.

"Mama, wenzako wamefika mbali. Wewe bado una binti anapokea simu?"

Binti mwenyewe ni Hadija, ana miaka arobaini na moja na watoto wanne. Aliishia darasa la saba, na hakuna mkulima wa wilaya hizi mbili asiyeijua sauti yake.

Niliogopa. Kwa woga huo, mwezi wa nne nikamwambia Nicholaus na sisi tuweke mashine yetu kwenye simu, na Hadija nikamhamishia kwenye kupanga mafaili. Hadija hakupiga kelele. Alisema tu, "Dada, hiyo mashine haijui watu," kisha akachukua kiti chake akaingia nacho chumba cha pili. Nilimwona ni mtu anayeogopa kupoteza kazi. Kumbe aliyekuwa anaogopa ni mimi.

Kazi ya mashine ilikuwa nyepesi. Wakulima wamepangwa katika vikundi vya watu kumi kumi, kila kikundi na kiongozi wake. Kila mwezi mashine inampigia kiongozi, inamsomea majina ya watu wake, inauliza kama kuna mabadiliko. Kiongozi wa kikundi cha Mzee Mbaruku ni Saturnini Mapunda. Huyu ni Mngoni. Babu yake aliletwa kutoka Songea kulima karanga za Waingereza. Karanga zikafa, babu akabaki.

Nicholaus akaitafuta rekodi ya simu ya mwisho kwa Saturnini, akaifungulia sauti. Mimi, Mzee Mbaruku na Hadija, aliyekuja kusimama mlangoni, tukasikiliza.

"Shikamoo mzee Saturnini," mashine ilisema. "Je, kuna mabadiliko yoyote kuhusu Mbaruku Ismaili Nanjota?"

"Nani? Huyo Mmwera?" Sauti ya Saturnini ilijaa raha. "Aa, huyo kafa! Tumemzika Ijumaa. Sanda hatukumpa, hasara bure. Tumemviringisha kwenye gunia la korosho. Na kaburi lenyewe fupi, miguu imebaki nje."

"Pole sana kwa msiba. Mungu ailaze roho ya marehemu mahali pema. Je, alifariki tarehe ngapi?"

"Andika yoyote. Mmwera ana tarehe?"

"Asante. Nimeandika Ijumaa iliyopita. Tuendelee na jina linalofuata."

Mzee Mbaruku alianza kucheka kabla haijaisha. Alicheka mpaka akashika meza, machozi yakamtoka. "Mngoni mwehu! Kwenye gunia! Miguu nje! Ngoja nimpate, huyu atanilipa jogoo!"

Hadija naye alikuwa anacheka, na Nicholaus. Mimi sikuweza. Hakuna mtu wa huku, Mwislamu au Mkristo, msomi au asiyejua a wala be, ambaye angesikia maneno yale akafikiri kuna msiba. Mngoni na Mmwera ni watani tangu mababu; mmoja akiulizwa habari za mwenzake atajibu nini kingine? Siku tulipomzika baba yangu, mtani wake aliingia kaburini akalala chali, akasema hatoki mpaka apewe chake, kwa kuwa hajawahi kuona Mmwera anastahili shimo kubwa hivyo. Nililia na kucheka kwa pamoja. Ule ndio wakati pekee siku ile nilipoweza kupumua.

Yote hayo niliyajua. Nicholaus aliyajua. Tulikaa wiki mbili tunaifundisha mashine maneno ya korosho, majina ya vijiji, salamu za wazee, na hakuna aliyekumbuka kuiambia kwamba hapa watu huzikana kwa mdomo wakiwa hai. Kitu unachokijua sana hukioni tena, na hapo ndipo tulipoangukia.

"Wako wangapi?" nikamuuliza Nicholaus.

Akabonyeza, akaangalia, akakuna kichwa. "Dada, hapa tumekwisha. Marehemu thelathini na mmoja tangu mwezi wa nne."

Hadija akaivuta kompyuta, akaipitia orodha kwa kidole na midomo ikitembea. Haikumchukua hata dakika tano. "Huyu kweli kafa. Huyu kweli. Huyu bibi wa Chiola, kweli, nilikwenda matanga. Na huyu. Wanne. Hawa ishirini na saba wengine wamezikwa na watani zao."

Tulifanya kazi siku mbili bila kuinua kichwa. Nicholaus aliizima mashine. Hadija akarudi kwenye simu, akawapigia wote ishirini na saba mmoja mmoja, akawapa pole kwa vifo vyao, wakacheka wote isipokuwa mmoja, ambaye alitutukana, na alikuwa na haki. Barua nikaandika mimi, zikapelekwa maghalani kwa bodaboda. Jumanne jioni Mzee Mbaruku akapata mifuko yake.

Lakini lisemwalo hapa halilali hapa. Jumatano asubuhi Bwana Ildefonsi alipiga simu.

"Mama, umewaua wanachama wangu."

"Nimekosa, mwenyekiti. Wote wamesharudishwa."

"Njoo kesho Ruangwa. Kamati itakaa, na Upeo watakuwepo. Uje na sauti."

"Sauti zipi?"

"Za simu zenu. Miaka saba yote. Yule Bi Yasmini wa Upeo anasema bila hizo mashine yao haitawaelewa watu wetu sawasawa. Wakabidhi, na wewe watakupa uwakala wa wilaya mbili. Kazi utakuwa nayo. Ukikataa, mkataba wenu unaishia hapo."

Nikakata simu, nikakaa. Hadija tangu siku ya kwanza alikuwa akirekodi simu ili asikosee kilo za mtu, na kila anayepiga alimwambia hivyohivyo, "Nakurekodi ili nisikosee, haitoki hapa." Nao wakamwamini. Mtu anapiga kutaja mifuko mitatu, anaishia kumweleza Hadija mume aliyeondoka, mtoto aliyelazwa, mpaka wa shamba unaogombewa na wajomba. Mpaka leo yote yamo kwenye kisanduku kimoja ndani ya kabati langu. Sikuwahi kukiona kama mali. Upeo walikiona, kutoka Dar.

Sitasema nilikataa papo hapo. Jumatano nzima niliupima ule uwakala. Mshahara wa uhakika, ofisi ingebaki, Nicholaus na Hadija ningewapigania. Ningeshika simu ya watu wengine na kubeba lawama za mashine ya watu wengine. Nilipofika kwenye lawama, hasira ikanipanda, na hasira kwangu ni dawa. Ikanisafisha kichwa.

Alhamisi tulikwenda Ruangwa kwa Kenta ya Saturnini, ile ya kubebea ufuta. Nilikuwa nimeomba gari tu, wazee sikuwaalika. Walikuja wenyewe. Mzee Mbaruku alisema anataka kamati imwone maiti kwa macho, na Saturnini alisema muuaji lazima awepo kesi inaposikilizwa. Saturnini aliendesha, na njia nzima yeye na Mzee Mbaruku walitupiana maneno. Hadija alikaa katikati yao. Mimi na Nicholaus tulipanda nyuma na tukafika tumekuwa wekundu kwa vumbi.

Ukumbi wa Umoja ulikuwa umejaa. Kila chama cha msingi kilikuwa na mjumbe wake, wote thelathini na wawili, na mbele meza ya mwenyekiti. Yasmini wa Upeo alikuwa mdogo kuliko nilivyodhani, mpole, amevaa mtandio safi, na aliongea vizuri. Nilitaka kumchukia, akaninyima sababu.

Bwana Ildefonsi akasoma majina ya marehemu ishirini na saba, moja baada ya jingine, kama katekista anayeita watoto wa kipaimara. Kila jina aliniangalia. Alipofika kwa Mbaruku Ismaili Nanjota, sauti kutoka nyuma ikaitika, "Nipo, mwenyekiti, bado sijaoza," na Saturnini akadakia, "Anadanganya, harufu mnaisikia." Ukumbi ukacheka. Mwenyekiti hakucheka.

"Mama Swaumu, una la kusema?"

Nikasimama. "Ninalo. Kosa ni letu. Si la mtandao, si la umeme. Niliogopa Upeo, nikamtoa mtu kwenye simu nikaweka mashine, na sikuifundisha kitu ambacho mtoto wa darasa la kwanza hapa anakijua. Naomba radhi kwa wote ishirini na saba. Sijifichi."

Nikakaa. Yasmini akapewa nafasi. Alieleza kwamba kosa kama hilo kwao halitokei, kwa sababu mashine yao haikubali taarifa za namna hiyo. Inatambua kejeli na matusi. Mpigaji akitumia lugha chafu dhidi ya mwenzake, anaonywa mara moja. Akirudia, namba yake inafungiwa siku tisini.

"Kwa ruhusa ya mwenyekiti tumeijaribu mwezi mzima Matambarale," akasema, "na haijamtangaza mtu yeyote kuwa amekufa."

Mama mmoja wa mstari wa pili akainua mkono bila kungoja ruhusa. Ni Rozalia, mjumbe wa chama cha Matambarale, mjane mwenye mikorosho mia mbili na mdomo unaolingana nayo.

"Samahani, binti. Umesema inafungia namba?"

"Ndiyo, mama. Kwa ajili ya heshima."

"Mimi simu yangu tangu tarehe tano haipokelewi. Napiga kuulizia salfa, inalia pii, inakata. Nikadhani mtandao. Nikanunua na laini nyingine."

Yasmini akafungua kompyuta yake. Nilimwona anatafuta, kisha anaacha kutafuta. "Mama Rozalia, hapa inaonyesha ulisema kuhusu katibu wako kwamba..." Akasita. "Kwamba ni mbwa wa Kiyao anayekula hesabu."

"Ni Myao kweli!" Rozalia akasema. "Ni mtani wangu! Yeye aliniita mimi nyani wa msituni, huyo hamkumfungia?"

"Naye amefungiwa," Yasmini akasema kwa sauti ndogo.

Kicheko kilichofuata kilitoka hadi nje, watu wa dukani wakachungulia. Mkulima wa Matambarale aliyesimama nyuma akasema simu yake nayo inalia pii, kisha na mwingine. Kumbe Matambarale yote walikuwa wakinyamazishwa mmoja mmoja kwa heshima. Yetu iliwazika watu na yao iliwafunga midomo, na sijui hata leo ni ipi mbaya zaidi.

Ningeweza kufurahi. Lakini Yasmini si mjinga. Alisubiri kicheko kitulie, kisha akasema kitu cha kweli.

"Hii ndiyo sababu tunazihitaji sauti za Palilia. Mashine inajifunza kwa mifano. Kule Dar hatuna mifano ya utani wa huku. Dada Swaumu ana miaka saba. Tukizipata, ndani ya miezi miwili itajua kutofautisha utani na msiba kuliko hata karani. Tena siyo hapa tu. Tutaiuza mpaka Msumbiji."

Bwana Ildefonsi akageuka kwangu, na safari hii alisema kwa upole. "Unaona, Mama? Wenyewe tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wape sauti, sote tupone. Karatasi hii hapa."

Nicholaus alinigusa kiwiko. "Dada, fikiria," akanong'ona.

Nilikuwa nimeshafikiria. Nikasimama tena.

"Mwenyekiti, sauti si zangu. Ni za hawa waliokaa hapa na wale waliobaki mashambani. Mtu alimwambia Hadija habari ya ndoa yake kwa sababu alikuwa Hadija. Hakuiambia Upeo, wala Msumbiji. Hadija aliwaambia haitoki, na haitatoka. Mkitaka kuifundisha mashine utani wetu, njooni mkae huku, mzikwe na nyie."

Mtu akapiga kofi moja, akaacha.

"Hilo la kwanza. La pili, nitaendelea kutumia mashine. Iniandikie programu, ijumlishe kilo, ipange majina. Lakini simu itapokelewa na mtu, na hakuna atakayeandikwa marehemu mpaka mtu wetu amsikie aliyekwenda kuzika. Uwakala siutaki. Sikusoma ili nije kubeba lawama za kompyuta iliyoko Dar. Mkikubali hivyo, tunaendelea. Mkikataa, mkataba uvunjeni, tena leo, nipo hapa."

"Unatutisha?" akauliza Bwana Ildefonsi.

"Hapana. Nakataa tu."

Akaisogeza ile karatasi kando. Si mtu mbaya. Ana vyama thelathini na viwili mgongoni na watu wanaomwambia kila siku kwamba amechelewa. "Basi Umoja unavunja mkataba," akasema. "Kuanzia mwezi ujao tunakwenda na Upeo. Watajifunza polepole."

Rozalia akasimama. "Umoja uende. Katiba yetu inasema chama cha msingi kinaweza kuchagua programu yake chenyewe, ukurasa sijui wa ngapi, nilikuwepo tulipouandika. Matambarale tunabaki na huyu mwenye hasira."

"Naipingo pia," akasema Mzee Mbaruku, ambaye si mjumbe wa kitu chochote.

"Kaa chini, marehemu hapigi kura," Saturnini akamwambia. Lakini mjumbe wa Naipingo mwenyewe akainua mkono, na wa Chiola, na wengine watatu. Nikahesabu mara mbili nikidhani nimekosea. Vyama sita kati ya thelathini na viwili. Wajumbe wengine waliangalia viatu vyao. Siwalaumu, bei ya Upeo ni nusu ya yetu.

Nje, Yasmini alinifuata hadi kwenye Kenta. "Dada Swaumu, nakuheshimu," akasema. "Lakini vyama sita havikutoshi. Mwaka mmoja, miwili, utafunga."

"Huenda," nikamjibu. "Nikifunga, nitafunga mlango wangu mwenyewe."

Akatabasamu, akanipa mkono, nikaupokea. Kisha nikaona amemwangalia Nicholaus, na Nicholaus ameangalia chini, nikaelewa.

Aliniambia tulipokuwa nyuma ya Kenta, tumekwishapita Ruangwa mjini. Upeo walimpigia tangu Jumanne. Wanataka mtu wa kukaa Dar anayezijua orodha za huku.

"Nina watoto wawili, dada. Na kusema ukweli, kazi yangu hapa mashine inaifanya. Hata wewe unaweza kuiagiza mwenyewe."

Nilimkasirikia sana. Nilimwambia ni msaliti, nilimwambia ningemjua tangu mwanzo nisingemfundisha kitu, nikamwambia na mengine ambayo siyaandiki. Vumbi lilitupiga wote wawili. Tulipokaribia Nachingwea hasira ilikuwa imepungua, nikaona alichosema ni kweli. Kazi yake mashine iliifanya. Nilikuwa nimemshikilia Nicholaus kwa mikono miwili mwaka mzima, nikamfukuza kwenye simu mtu pekee ambaye mashine haikuweza kuwa yeye.

"Nenda," nikamwambia. "Ukifika, wakikuuliza kisanduku kiko wapi, hujui."

"Sijui, dada," akasema. Namwamini.

Jumatatu kiti chake kilikuwa kitupu. Nikamwita Hadija kutoka kwenye simu, nikamwambia akae pale, mbele ya kompyuta. Akakataa. Alisema yeye hajui kuandika programu, darasa lake la saba halikuwa na umeme. Nikamwambia hakuna anayeandika programu tena, siku hizi unaiambia mashine kwa Kiswahili unachotaka na usichotaka, nayo inahangaika. Kinachotakiwa ni kujua la kuiambia.

"Mimi nitaiambia nini?"

"Unachokijua."

Akakaa kwenye ukingo wa kiti, mkoba bado begani, tayari kuondoka. Simu iliita mara mbili, nikaipokea mimi, ya kwanza Chiola, ya pili Naipingo, watu wa salfa wote. Nilipomaliza, nikamkuta bado anaangalia ubao wa herufi. Kisha akavua mkoba, akauweka chini, akaanza kuandika kwa kidole kimoja, polepole, akitafuta kila herufi. Nikainama begani kwake kusoma.

Usimzike mtu yeyote. Niulize mimi kwanza.

Aliniangalia kuona kama amekosea. Sikubadilisha hata nukta. Nikamwambia abonyeze.